Wachezaji wangu wamekomboa mnara na wanataka kuugeuza ngome yao. Nifanyeje?

SWALI

Msomaji wa Morogoro ameandika: "Naongoza mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2014. Nina wachezaji wanne, na wahusika wao wako leveli ya 7 (leveli ni ngazi ya nguvu ya mhusika). Kikao kilichopita walifukuza genge la majambazi kutoka kwenye mnara wa kale mpakani mwa ufalme. Nilidhani wataendelea na safari, kumbe wanataka kubaki hapo hapo: waukarabati, wajenge ukuta, waajiri askari. Wana vipande 18,000 vya dhahabu. Je, zinatosha? Naogopa mchezo utageuka hesabu za mawe na mishahara. Tena nasikia kanuni za 2024 zina mfumo mpya wa ngome. Nihamie huko?"

JIBU

Ndugu yangu, mchezaji anayesema "tubaki hapa" ameipenda dunia uliyomwekea mezani. Waongoza mchezo wengi hukaa miaka wakilisubiri neno hilo. Kwa hiyo safari uliyokuwa umeiandaa iweke kando kwa sasa, itakuja kutumika, na tushughulike na mnara.

Tuanze na fedha, maana hapo jibu ni fupi. Kwa kanuni za 2014, mnara wa kujihami ukijengwa kuanzia msingi unagharimu vipande 15,000 vya dhahabu na siku 100 za kazi. Ngome ndogo ya mawe ni 50,000 na siku 400. Kasri kubwa ni 500,000 na siku 1,200. Wachezaji wako hawaanzi msingi. Mnara upo, umechakaa lakini umesimama. Mimi ningewatoza nusu, yaani 7,500 na siku 50. Watabakiwa na 10,500, na hapo inaingia gharama ambayo wengi huisahau, ile ya uendeshaji. Mnara wa aina hiyo unakula vipande 25 kila siku, ukiwa na wafanyakazi 10 wenye ujuzi. Ukigawanya, wana siku 420 kabla sanduku halijabaki tupu. Ukuta na askari wa ziada vitazipunguza siku hizo.

Hesabu hiyo usiwafiche. Iandike kwa kalamu nene kwenye karatasi inayokaa katikati ya meza, siku ngapi zimebaki, uwe unapunguza mchezo unavyokwenda. Hutahitaji daftari la mahesabu zaidi ya hapo. Namba moja inayoshuka inatosha kuwafanya waulize wenyewe fedha mpya itatoka wapi, na swali hilo likitoka kwao lina nguvu kuliko kazi yoyote utakayowapa kupitia mzee wa baa mwenye ramani.

Iko kanuni nyingine katika kitabu cha kanuni hizo hizo ambayo watu huiruka, nami naipenda mno. Ujenzi unaweza kuendelea mwenye mali akiwa hayupo, lakini kila siku anayokosekana inaongeza siku tatu kwenye muda wa kazi. Wakienda siku 10 kumsaka joka milimani, kazi imerefuka kwa siku 30. Papo hapo meza inagawanyika: nani abaki? Kama hakuna wa kubaki, tumwachie nani funguo? Tunamwamini kiasi gani? Hapo mwashi ambaye hukuwa hata na jina lake anakuwa mtu muhimu katika kampeni, yaani mfululizo mzima wa vikao vyenu.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Hesabu huchosha pale namba isipokuwa na mtu nyuma yake. "Mmelipa 750 mwezi huu" haina ladha. "Mmelipa 750, lakini mhunzi ameomba apewe miezi miwili mbele na hataki kusema kwa nini" ni mwanzo wa kikao kizima. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokuambia ni namna tu za kulitekeleza.

Waliouanzisha mchezo huu walilijua. Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mara ya kwanza mwaka 1974, ukiwa vijitabu vitatu, ngome ilikuwa ndiko safari yote inakoelekea. Walitoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambako mtu huongoza majeshi, na walitarajia kwamba shujaa akishakusanya dhahabu ya kutosha mapangoni ataacha kuishi kwa mkoba na upanga. Kijitabu cha tatu kilikuwa na bei za kuta, malango na minara. Mpiganaji aliyefika leveli ya 9 na kujenga ngome alihesabiwa kuwa mtawala wa eneo. Nchi aliyokwisha kuisafisha, hadi maili 20 kutoka ngomeni, ingebaki bila mazimwi. Ndani yake kungekuwa na vijiji 2 hadi 8, kila kijiji na watu 100 hadi 400, na kila mkazi angemwingizia mtawala vipande 10 vya dhahabu kwa mwaka.

Fanya hesabu: mtawala mwenye bahati mbaya ana watu 200 na mapato ya 2,000 kwa mwaka, mwenye bahati njema ana watu 3,200 na mapato ya 32,000. Kilicho muhimu ni kwamba kanuni ya kodi imekulazimisha uweke vijiji kwenye ramani. Huwezi kujua mapato bila kujua watu wako wangapi na wanaishi wapi. Kanuni za 1978 zikaenda mbele kidogo: mpiganaji mwenye ngome alipokea sarafu 7 za fedha kwa kila mkazi kwa mwezi, kasisi 9, mchawi 5. Waulize wachezaji wako kwa nini wanakijiji wampe kasisi karibu mara mbili ya wanachompa mchawi. Majibu watakayotoa yatakuwa ndiyo historia ya eneo lenu, na wewe hukuandika hata mstari mmoja.

Kwa mnara wa mpakani, vijiji vinane ni vingi. Weka viwili. Kimoja kiwe kimefurahi majambazi wameondoka. Kingine kiwe kilikuwa kikifanya nao biashara, na sasa hakina mnunuzi wa ngano.

Ukitaka kujua ujenzi wa ngome unavyozaa visa, acha vitabu vya kanuni kwa muda uangalie ngome ya kweli. Mwaka 1295, baada ya kuzima uasi wa Wawelsh chini ya Madog ap Llywelyn, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliamuru ijengwe ngome mpya Beaumaris, kwenye kisiwa cha Anglesey. Kazi alimpa fundi mkuu James wa Saint George, aliyekuwa amekwisha kumjengea ngome nyingine huko Wales. Februari 1296 James na karani aliyeshirikiana naye waliwaandikia wakubwa wa hazina barua ambayo ipo hadi leo. Walieleza kwamba wanahitaji angalau pauni 250 kila wiki, na wakataja zinakokwenda: waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi 30, maseremala wa kuweka sakafu, mikokoteni 160 midogo kwa mikubwa, na mashua 30 za kuleta mawe na makaa. Kisha yakaja malalamiko. Mishahara imechelewa sana. Watu hawana cha kula, na ni taabu kuwazuia wasiondoke. Hali ya nchi haitabiriki. Mwisho wakawasihi kwa jina la Mungu fedha ziletwe upesi, la sivyo yote yaliyokwisha kufanywa yatakuwa bure.

Fedha hazikuja za kutosha. Mfalme aligeukia vita vyake huko Scotland, na ngome haikumalizika kamwe. Minara yake haijafika urefu uliokusudiwa hata leo.

Soma orodha ile tena kwa jicho la mwongoza mchezo. Mashua 30 zinatia nanga wapi, na bandari ni ya nani? Wachimba mawe wanachimba mlima wa nani, na ndani yake mnaishi nini? Makaa yakikwama, wahunzi wanakaa bure na bado wanadai ujira. Mtawala jirani anamtumia fundi wako mkuu ujumbe usiku: njoo kwangu, nitakulipa mara mbili. Waashi ambao hawajalipwa wiki sita wanakaa chini siku ile ile ambayo majambazi wameonekana bondeni, na wahusika wana asubuhi moja ya kuchagua kama watazungumza nao, watawatisha au watauza ule upanga wa ajabu waliouvujia jasho leveli mbili zilizopita. Kila kundi katika barua ile lina kikao chake, na katika vikao hivyo hakuna anayepiga hesabu ya mawe.

Mezani kwako usitumie watu 2,000. Tumia 10, kwa kuwa kanuni zimekwisha kukupa 10. Waandikie kila mmoja mstari mmoja: kazi yake, anachokitaka, na asichotaka kijulikane. Mwashi mkuu ambaye mdogo wake alikuwa miongoni mwa majambazi waliofukuzwa. Mpishi mjane anayetaka binti yake afundishwe uchawi. Mhunzi mwenye deni mjini. Mlinzi wa lango ambaye ni hodari kweli lakini hajawahi kukaa kazi moja zaidi ya mwaka. Usiandike kurasa. Mstari mmoja kila mtu, na majina waache wachezaji wenyewe wayatoe. Mtu uliyempa jina unamjali zaidi.

Kuna swali moja ambalo ningeliuliza mapema kabisa, ikiwezekana katika kikao kijacho: nani amewaruhusu? Katika Uingereza ya zamani hizo, mtu kuweka ngome kwenye nyumba yake lilikuwa jambo la kuombewa kibali kwa mfalme. Wakati wa vita vya kugombea kiti chini ya Mfalme Stephen, kati ya 1135 na 1154, wakubwa walijijengea ngome bila ruhusa, na Henry wa Pili alipotawala alizibomoa nyingi. Mnara wa wachezaji wako uko mpakani mwa ufalme. Siku askari wa kwanza atakaposimama juu ya ukuta, mfalme wa upande huu atauliza ni wa nani, na mfalme wa upande wa pili atauliza unaelekea wapi. Wote wawili wana haki ya kuuliza. Mmoja anaweza kutoa kibali kwa sharti la askari 20 vitani kila mwaka. Mwingine anaweza kuleta dhahabu bila sharti lolote, jambo ambalo lingewatia wasiwasi zaidi. Wachezaji wakichagua upande, kampeni yako ina mwaka mzima wa matukio.

Kuhusu askari, wachezaji wataomba wengi kuliko wanavyohitaji. Waambie habari ya Harlech, ngome nyingine ya Edward huko Wales. Katika uasi ule wa 1294 ilishikiliwa na watu wasiofika 40, kwa sababu chini ya mwamba palikuwa na njia ya kupokea chakula kwa bahari. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu panga, waulize maji yanatoka wapi na chakula kitapita njia gani wakizingirwa. Wachezaji hodari watakaa jioni nzima wakibishana juu ya kisima, na utaona wanavyofurahia.

Hapa nataka kukusihi jambo moja: usiichome ngome yao wakiwa safarini. Najua kishawishi kilivyo. Umechoka, unatafuta tukio zito, na mnara uko pale haulindwi. Ukifanya hivyo mara moja, umewafundisha kwamba kupenda kitu katika dunia yako ni kukupa wewe mahali pa kuwaumizia, na hawatajenga tena. Watarudi kuwa watu wasio na kwao, mkoba na upanga. Hatari ije, na ije kubwa, lakini itangazwe. Mpe adui mwezi mzima wa kukusanya jeshi na wao wasikie habari zake: mchuuzi aliyeona moshi, mtoto wa kijijini asiyerudi na mbuzi. Shambulio likifika, waache wao waamue kitakachopotea. Kuokoa ghala au kuokoa kijiji? Ukuta mpya au daraja? Kitu kikipotea kwa uamuzi wao watakihuzunikia, na wataendelea kucheza.

Na wakiwa safarini kweli na adui akaja? Kwa hili kuna dawa nzuri niliyoikuta katika mchezo mwingine, Ars Magica, uliotoka mwaka 1987. Mle kundi zima humiliki makao ya wachawi kwa pamoja, na kila mchezaji hana mhusika mmoja tu: leo anaweza kuwa mchawi, kesho akawa mmoja wa walinzi au watumishi wa makao hayo. Chukua wazo hilo. Siku mnara unaposhambuliwa mashujaa wakiwa mbali, wape wachezaji wako mpishi, mhunzi, mwashi na mlinzi wa lango. Wape nguvu ndogo na dadu zisizo na huruma. Watapigana kwa ajili ya ukuta ule kwa namna ambayo mashujaa wa leveli ya 7 hawawezi, kwa kuwa mpishi akipigwa mara mbili amekwisha. Mashujaa wakirudi, wachezaji wanajua kilichotokea na wahusika wao hawajui. Mazungumzo ya jioni ile nakuomba usiyaharakishe.

Katika vita yenyewe usirushe dadu kwa kila askari. Chagua mahali patatu ambapo mambo yataamuliwa, tuseme lango, kisima na daraja, uweke wahusika kwenye mawili wanayoyataka. Mahali pa tatu paende kwa kurusha dadu mara moja, na matokeo yake yasimuliwe.

Kati ya vikao, tumia dakika kumi na si zaidi. Kila mchezaji atoe agizo moja kwa ajili ya mwezi uliopita ngomeni, na wewe urudishe habari moja kwa kila agizo. Kasisi ameagiza kikanisa kidogo kijengwe; habari: wanakijiji wameanza kuja, na kasisi wa mjini hajapendezwa. Mwizi ameagiza njia ya siri. Habari: wachimbaji wamekuta njia nyingine iliyokwisha kuchimbwa. Mmoja kati ya wachezaji wako wanne anaweza kuwa hapendi kabisa mambo ya ngome. Usimlazimishe. Mpe msafara wa biashara unaotoka na kurudi mnarani, awe mguu wa kundi lote nje ya kuta, naye atapata safari zake bila kuwanyima wenzake nyumba.

Na ramani waache waichore wao, kwenye karatasi ya miraba, penseli na kifutio. Wewe uliza tu milango iko wapi.

Sasa, je, uhamie kanuni za 2024? Mfumo wake nimeusoma na una mazuri. Mhusika anapata ngome yake kuanzia leveli ya 5, bila kusubiri utajiri wa kutisha. Anaanza na vyumba viwili maalumu. Vinakuwa vinne leveli ya 9, vitano leveli ya 13, na sita leveli ya 17. Kila baada ya siku 7 za mchezo anatoa maagizo: tengeneza, vuna, tafiti, ajiri, fanya biashara na kadhalika. Wachezaji wanaweza kuunganisha ngome zao kuwa moja. Kazi kubwa inafanywa na wachezaji wenyewe, jambo linalompunguzia mwongoza mchezo mzigo, na kwa meza yenye muda mfupi huo ni msaada wa kweli.

Udhaifu wake kwangu ni kwamba ngome ile hukua kwa sababu mhusika amepanda leveli. Mnara wa wachezaji wako ulipatikana kwa damu, una majirani wawili wenye mashaka, na una siku 420. Ukiuingiza mzima mzima kwenye mfumo wa vyumba na zawadi, baadhi ya uzito huo utapotea. Kwa hiyo baki na kanuni za 2014 kwa gharama na muda, ukope vitu viwili kutoka 2024. Cha kwanza ni maagizo, ambayo tayari nimekupa kwa mzunguko wa mwezi badala ya siku 7. Cha pili ni bei ya vyumba vya kawaida: chumba kidogo 500 na siku 20, cha wastani 1,000 na siku 45, kikubwa 3,000 na siku 125. Bei hizo zinafaa sana kwa mnara unaokua polepole, maana kila kikao wanaweza kuongeza kitu kimoja wanachokiona. Kikao kijacho waanzishe na chumba kimoja tu cha 500, na umuulize kila mmoja angependa kiwe cha kazi gani.